Karibu Uione Nyumba Yetu ya Salamabila

Leo sikuletei mahubiri. Leo ninakualika nyumbani. Mwaka uliopita sisi watoto wa marehemu baba tuliuza nyumba yetu ya Salamabila, na mbele ya kuiuza nilitembeza watu wengi ndani yake, chumba kwa chumba. Ninataka nikutembeze na wewe vilevile. Jifanye mnunuzi. Angalia vizuri na uulize bila haya, maana nyumba ni kitu ambacho wengi wetu tunanunua mara moja tu katika maisha.

Kwanza, ujue unaingia mji wa namna gani. Salamabila iko katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa Maniema, katika nchi ya Wabangubangu, karibu na vilima vya dhahabu vya Namoya. Mwendamboko, Kakula, Muviringu: majina ya vilima hivi watoto wetu wanayajua kama majina ya wajomba zao. Baba alifanya kazi Sominki, ile kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 na kufikia mwisho wake mwaka 1997. Kisha ikaja Banro ya Kanada, ikatangaza uzalishaji wa kibiashara pale Namoya mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimama. Kampuni zinakuja, kampuni zinaenda. Lakini watu hawahami kila mara kampuni inapofunga. Wanabaki na nyumba zao na majirani wao. Neno hilo ulishike, tutalirudia.

BARZA

Haya, panda ngazi hizi mbili. Hapa ni barza. Iko na upana wa hatua tatu, ukuta mfupi wa kuegemea, na benchi ambayo baba aliipigilia mwenyewe. Wanunuzi wengi wanapita hapa mbio waende kuona saloni. Wanakosea. Barza ndiyo chumba ambacho jamaa inakitumia saa nyingi kupita vyote: hapa tunachagua mchele, tunapokea wageni, tunaamua magomvi, tunaomboleza.

Hata jina lake ni urithi. Kiswahili kiliingia Maniema na misafara ya pwani katika karne ya 19, wakati Tippu Tip alipofanya makao yake Kasongo na watu wake wakawa na kituo Kabambare. Wabelgiji waliiteka Kasongo mwezi wa 4 mwaka 1893. Utawala ule ukaisha, lakini neno baraza likabaki, hata Wakongo wanaosema Kifaransa wanaita veranda yao "barza". Ukinunua nyumba huku, ukae kwanza kwenye barza nusu saa. Utaona kama majirani wanasalimia ao wanageuza uso. Hiyo hakuna karatasi inayokuonyesha.

SALONI

Ingia ndani. Mlango ni wa mbao ya muvula, mzito, haujaliwa na mchwa toka mwaka 1984 baba alipojenga. Kuta ni za tofali za kuchoma. Chini ni simenti, imepasuka kidogo pale penye meza. Inua macho: mabati ni ya mwaka 2006. Yale ya kwanza yaliondoka wakati wa vita iliyoanza mwaka 1998. Tulikimbilia msituni, tukarudi tukakuta kuta zinaangalia mbingu. Mvua ilinyesha ndani ya saloni hii mpaka udongo wa katikati ya tofali ukalegea. Ukigonga ukuta wa upande wa mashariki utasikia sauti ya uwazi. Mnunuzi, gonga. Usione haya. Mwenye nyumba anayekasirika ukigonga ukuta wake anakuficha kitu.

CHUMBA CHA MAMA

Hapa tubishe hodi kwanza, maana mwenye chumba yuko hai. Baba alilala mwaka 2009. Mama amebaki katika chumba hiki na kitanda chake, sanduku la nguo na dirisha moja linaloangalia mti wa embe.

Hapa nataka vijana wasikie vizuri. Katika miji yetu, baba akifa, mara nyingi ndugu wanakuja na kumwambia mjane: "Wewe hauko wa jamaa yetu, toka." Sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987, haisemi hivyo. Inawapa watoto sehemu tatu kwa nne za urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Kwa hiyo sisi watoto wanne hatukuweza kuamka asubuhi moja na kuuza. Tuliketi na Mama. Miguu yake haimbebi tena, na dada yetu mkubwa anakaa Kasongo. Mama mwenyewe alisema: "Mnipeleke kwa mtoto wangu. Lakini mnijengee kachumba kangu, nisilale kwenye saloni ya watu." Ndiyo sababu ya kuuza. Pesa ilikuwa ya kujenga kachumba kale.

CHUMBA CHA WAVULANA

Sasa tunafika mahali ambapo moyo wangu ulikuwa unapiga kila nilipoingia na mnunuzi. Kwa macho ni chumba kizuri kupita vyote: hatua nne kwa tano, simenti mpya, rangi nyeupe. Ungeniuliza: "Pasta, sababu gani chumba hiki tu kiko na simenti mpya?"

Wakati nilikuwa kwenye chuo cha Biblia tulimpangisha kijana mmoja, mchimba dhahabu. Alilipa vizuri, hakunywa pombe. Usiku Mama alisikia kitu kama moyo unaopiga chini ya ardhi: tu, tu, tu. Alifikiri ni ndoto za uzee. Mvua kubwa ilipokuja, ukuta ukapasuka kutoka chini mpaka dirishani. Tulipofungua mlango tukakuta kitanda kimesukumwa pembeni na shimo la zaidi ya metre nne. Udongo alikuwa anautoa kwa mifuko, usiku, kidogo kidogo. Galeri ilikuwa imeanza kuelekea kwa jirani yetu, mama mjane anayelea wajukuu. Ukuta wake pia ulipasuka.

Tulijaza shimo kwa mawe na udongo, tukashindilia, tukafunika na simenti. Lakini udongo uliochimbwa haurudi kuwa kama ule wa kwanza. Kila masika unashuka kidogo. Pitisha mkono pale chini ya rangi: utasikia mstari.

JIKO NA UA

Tutokee nyuma. Jiko liko peke yake, kuta za miti na udongo. Yule kijana alikuwa anachomea dhahabu yake humu, na zebaki, ndani ya sufuria kuukuu. Tulipojua tulitupa sufuria mbali na maji, tukaondoa udongo wa juu, tukahamisha mafiga. Ninyi mnaokaa kwenye machimbo, sikieni: moshi wa zebaki hauonekani sana, lakini unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na unamfikia hata mtoto aliye tumboni. Usichome zebaki nyumbani, na usipikie chakula kwenye chombo kilichoichoma.

Zaidi ya hapo ua ni mzuri. Embe moja, michikichi mitatu, kibanda cha sombe cha Mama, choo kilichochimbwa mbali na kisima. Mpaka wetu unaonyeshwa na miti minne ambayo majirani wote wanaijua.

WANUNUZI WAWILI

Rudi ukae kwenye barza, nikueleze ilivyoisha.

Mnunuzi wa kwanza alikuja na tochi ya kichwa mfukoni. Hakuangalia mabati. Hakusalimia jirani. Tulipofika chumba cha wavulana akapiga magoti, akagonga simenti, akatabasamu.

"Pasta, mimi hapana naangalia juu. Naangalia chini. Dola elfu tatu na mia tano. Kesho."

Mnunuzi wa pili alikuwa mwalimu na bibi yake muuguzi, wenye watoto watatu. Waligonga kuta zote. Niliwaonyesha mpasuko, nikawaambia habari ya shimo. Mwalimu akaniangalia muda mrefu.

"Pasta, unanionyesha ubovu wa nyumba yako mwenyewe?"

"Ukilala humu na watoto, afadhali ujue unalala juu ya nini."

Wakaenda kuongea. Wakarudi na dola elfu mbili na mia mbili. Hawakuwa na zaidi.

Ndugu msomaji, sitakudanganya kwamba niliamua kama mtu wa Mungu. Usiku ule nilihesabu. Tofauti ilikuwa dola elfu moja na mia tatu. Kwa pesa ile kachumba ka Mama kangekuwa na simenti na mabati mapya, na mtoto wangu angelipiwa masomo. Nikajisemea: mimi nauza nyumba tu, kile atakachofanya chini yake ni shauri lake.

Lakini nilijua hata sheria haiko hivyo. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali, sisi tunapata haki ya kuikaa. Na kilicho chini ya ardhi ni cha Serikali vilevile. Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inawapa wachimbaji wadogo maeneo yao na kuwataka waingie katika kooperative. Chumba cha kulala si eneo la kuchimba. Sikuwa na dhahabu ya kumuuzia yule bwana. Nilichokuwa nacho cha kumuuzia ni ukuta wa jirani yangu.

Asubuhi nilimweleza Mama hesabu yangu yote. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba," akaniambia, "siku ile mabati yaliondoka, nani alitulaza?"

Nikanyamaza. Ni yule jirani. Tulilala kwake miezi miwili, jamaa mbili katika vyumba viwili.

"Basi," akasema, "kachumba kangu kakuwe ka nyasi."

Tukamuuzia mwalimu.

MBELE YA MASHAHIDI

Hatukuuzia chumbani. Tulimwita shefu wa mtaa, majirani wa pande zote nne, watoto wote wanne wa baba na Mama. Tulitembea kwenye mipaka, mti kwa mti. Tuliandika katika karatasi ya kuuza ile habari ya shimo, ili kesho mtu asiseme hakuambiwa. Pesa ikahesabiwa juu ya benchi ya baba. Ndivyo Abrahamu alivyonunua shamba la Makpela: pale langoni, mbele ya watu wa mji, fedha ikipimwa wazi.

Kwa ninyi vijana ambao mtanunua siku moja, nawaachia mambo manne. Uliza kwanza nani anakaa katika nyumba, si nani anaiuza tu, na kama kuna mjane ao watoto, wasikie kwa masikio yako. Tembea kwenye mipaka pamoja na majirani. Usitosheke na karatasi ya shefu, ingawa wengi wetu tuko na hiyo tu: hati inayothibitisha haki yako juu ya kiwanja ni cheti cha uandikishaji, kwa hiyo anza kukitafuta mapema katika ofisi ya ardhi. Na katika miji yetu ya machimbo, uliza bila haya: chini kuna nini?

Kachumba ka Mama pale Kasongo kamesimama. Mabati yake ni ya kuukuu, tuliyanunua kwa fundi mmoja, na mvua ikinyesha kuna pembe moja inavuja. Mama anaweka pale karai. Mwezi uliopita nilipita Salamabila. Mwalimu ameziba mpasuko tena, na chumba cha wavulana amekifanya mahali pa kuweka mchele na vitabu, mpaka udongo utulie. Watoto wake walikuwa kwa jirani, wanakula.

Mbaki na amani.