Mwalimu Alipoacha Chaki

Akina mama wenzetu, tulipofunga ndoa wote wawili tulikuwa walimu, na hapa Chanzuru nyumba ya walimu wawili huhesabiwa kuwa nyumba iliyotulia. Mshahara si mkubwa, lakini mwisho wa mwezi huja. Kadi ya bima ya afya ipo. Mwenye duka hukopesha bila maswali. Kwa hiyo mama wa nyumba hii aliposema, mwaka 2022, kwamba anataka kuacha kufundisha ili apange namna watu wanavyotumia programu za simu, tulikaa siku kadhaa bila kuligusa tena jambo hilo.

Lilikuwa limeanza zamani kidogo, kwa bibi wa watoto, mama mzaa baba. Mwanzoni mwa 2020 alitaka kumlipa mwenye trekta kwa simu: ekari moja, shilingi 60,000. Bibi husoma polepole, kidole kikifuata kila herufi, na menyu ya simu haimsubiri mtu wa namna hiyo. Ikamkatikia mara mbili kabla hajafika kwenye namba ya siri. Mara ya tatu akafika, akaiandika, ikakatika tena kwa maneno yaleyale: kuna tatizo, jaribu tena. Akajaribu tena. Kumbe safari ile ya tatu pesa ilikuwa imekwenda, ila ujumbe wa kuthibitisha ulichelewa. Zikaenda 120,000. Mwenye trekta akasema zile za pili zimekwisha kuingia kwenye dizeli, atamlimia mwakani.

Na sisi walimu wawili tulimwambia nini bibi? Tulimwambia angekuwa makini. Alikunja pesa zake zilizobaki kwenye ncha ya kanga, akaenda kulala bila kula.

Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi mwaka huohuo kwa sababu ya korona, hadi mwisho wa Juni, mama alikuwa nyumbani na neno lile halikumtoka. Akaanza kusoma kwenye simu. Akagundua kwamba kila neno la menyu zile, tunazozitumia Tanzania tangu 2008, kuna mtu aliyekaa akalichagua, na kwamba kuchagua huko ni kazi kamili yenye mafunzo yake. Wenyewe huiita UX. Mmoja wa waliolipa jambo hilo jina ni Don Norman, profesa wa chuo kikuu kule California, aliyeingia kampuni ya Apple mwaka 1993. Fundisho lake kubwa ni jepesi kulisema: mtu akishindwa kufungua mlango, tazama kwanza mlango.

Hapo ndipo palipotuuma. Sisi miaka yote tulikuwa tunamtazama mtoto.

Mwaka 2021 Google walianza kutoa mafunzo ya kazi hiyo kwa njia ya intaneti. Mama alisoma usiku, kwa Kiingereza, watoto wakiwa wamelala, na bando likiisha alingoja mshahara. Hatukuthubutu kuacha kazi wakati huo kwa sababu mkopo wa benki ulikuwa bado unakatwa. Tuliungoja uishe.

Baba hakukubali upesi, na tuseme kweli, haikuwa kwa ajili ya pesa peke yake. Aliona kazi hiyo itakuja kumfuta mwalimu. Kilichomlainisha ni habari za Tanga. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya mkoa huo, watoto wapatao 2,700 walipewa kompyuta bapa zenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua sana. Programu mbili ziligawana ushindi, na mmoja wa waanzilishi wa ile iitwayo Kitkit School ni mama, Sooinn Lee, aliyekuwa akibuni michezo ya kompyuta. Alihamia masomo ya watoto baada ya kujifungua mtoto mwenye mahitaji maalumu. Baba alisoma mpaka hapo, akanyamaza, akauliza: "Barua ya kuacha kazi inaandikwaje?"

Mkataba wa kwanza, na kampuni moja ya Dar es Salaam, ulikuwa wa miezi sita na malipo yake yalikuwa chini ya mshahara wa mwalimu. Kadi ya bima ya mama ikarudishwa. Tulikula dagaa kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Kijijini nako watu walisikia kwamba mwalimu sasa "anatengeneza simu," wakaanza kutuletea simu zilizopasuka vioo na zisizoshika chaji. Mpaka leo wanaleta.

Kazi yenyewe ilikuwa programu ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mama aliichora kwanza kwenye karatasi za manila, kama zana za kufundishia, kila ukurasa wa simu karatasi yake. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kazi hii, aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watu watano utaona sehemu kubwa ya makosa. Basi tukawaomba wanawake watano wabaki baada ya mazoezi ya kwaya. Walibonyeza karatasi kwa vidole na kucheka. Walipofika kwenye kitufe cha mwisho, kilichoandikwa "Wasilisha," wanne walisimama hapo. Mmoja akauliza, "Niwasilishe kwa nani, kwa mweka hazina?" Kwao kuwasilisha ni kubeba pesa mkononi na kuziweka mezani mbele ya kikao. Wako sahihi. Kitufe kikageuka kuwa "Andika kwenye daftari," na wote watano wakapita.

Bibi naye alitoa ushauri wake. Programu ikikatika leo, inasema mojawapo ya mambo mawili: pesa bado haijaondoka, au pesa imekwenda, usirudie. Mama alimwomba bibi radhi kwa yale ya trekta, na baba naye. Alisema tumechelewa, akacheka.

Kulikuwa na mwingine wa kuombwa radhi. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, mama alianza kwenda Dar es Salaam kwa kupandia Kilosa, na siku moja bodaboda aliyekuja kumchukua alikuwa kijana aliyemfundisha darasa la kwanza. Alikuwa akimsimamisha mbele ya wenzake kwa sababu hakujua kusoma ubao. Mama alimwambia njiani, kwa sauti ya kushindana na upepo, kwamba kosa halikuwa lake. Kijana hakujibu mpaka walipofika stesheni. Alipokuwa anashusha begi akauliza:

"Mwalimu, hiyo programu yenu inaweza kumsomea mtu kwa sauti?"

Mama aliipeleka hoja hiyo ofisini asubuhi iliyofuata. Imeandikwa kwenye orodha ya kazi, ya saba kutoka juu, na kila akirudi nyumbani kijana huyo humuuliza imefika ya ngapi.