Nilimwita kocha mwoga, mwanangu akasikia

Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, baada ya swala ya Isha, nilitoka msikitini nikiwa nimemshika mkono mwanangu wa miaka tisa, tukaelekea kwenye duka moja la mtaani kwetu hapa Arusha, ambako mwenye duka huweka televisheni barazani. Taifa Stars ilikuwa ikicheza na Zambia mjini San Pedro, Ivory Coast, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulipofika tulikuta watu wanashangilia: Simon Msuva alikuwa amekwisha kufunga katika dakika ya 11. Kabla ya mapumziko, mchezaji mmoja wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu.

Ndugu msomaji, mwenye kuipenda timu hii anajua uzito wa usiku ule. Siku nne kabla yake tulikuwa tumefungwa na Morocco mabao 3-0. Kocha Adel Amrouche akasimamishwa, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman. Tanzania ilikuwa imeshiriki mashindano haya mara mbili tu, mwaka 1980 kule Nigeria na mwaka 2019 kule Misri, na haikuwahi kushinda hata mchezo mmoja. Sasa ushindi wa kwanza ulikuwa mbele yetu, tukiwa 11 dhidi ya 10.

Katika kipindi cha pili, kwa macho yetu sisi wa barazani, timu ilirudi nyuma ikalilinda bao lile moja kama maskini alindavyo shilingi yake ya mwisho. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Mchezo ulikwisha kwa sare ya 1-1, lakini pale barazani palikuwa kama pamefiwa. Siku tatu baadaye tukatoka 0-0 na DR Congo, tukashika mkia wa kundi kwa pointi mbili.

Usiku ule ulimi wangu ulinitangulia. Nilisema kwa sauti kwamba kocha ni mwoga, amepaki basi, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuongoza hata timu ya mtaa. Nilisema hayo kofia ikiwa bado kichwani, mimi katibu wa kamati ya msikiti niliyesoma chuo cha Kiislamu. Watu wakacheka, na mwanangu naye akacheka kwa kuwa aliona baba yake anachekewa.

Wiki iliyofuata kamati yetu ilikutana kuhusu paa la madrasa. Paa linavuja, na masika yakianza chini ya Mlima Meru hayana mzaha. Fedha tulizokuwa nazo zilitosha nusu tu ya kazi. Nilipendekeza tuchukue mabati na mbao zilizobaki kwa mkopo, tulipe kidogo kidogo kwa michango ya Ijumaa. Mweka hazina wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikataa katakata. Tutajenga kwa kilichomo sandukuni, alisema. Niliandika uamuzi huo katika muhtasari, kalamu ikikwaruza karatasi kwa hasira.

Nyumbani nilimlalamikia mke wangu. Mwanangu, aliyekuwa akifanya kazi zake za shule, akainua kichwa na kuuliza: "Baba, kwani na babu mweka hazina ni mwoga kama yule kocha?"

Sikumjibu. Kesho yake akalipeleka neno lile madrasa, akamwambia mjukuu wa mzee kwamba babu yake anapaki basi. Jioni likawa limemfikia mwenyewe.

Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, nimeisomesha mara nyingi: inakataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana na kusengenyana. Siku ile ilinisomesha mimi.

Nilikwenda kwa mzee baada ya Maghrib pamoja na mwanangu. Nikamwamkia, nikamwambia kuwa neno alilolisikia lilitoka kinywani mwangu kabla ya kufika kwa mtoto, na nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akanisimulia jambo ambalo halimo katika kumbukumbu nilizozirithi: miaka mingi nyuma kamati ilijenga kwa mkopo, michango ikapungua, na siku moja ya Ijumaa mdai akasimama mlangoni mwa msikiti akidai chake mbele ya waumini. "Mwanangu, mimi siogopi kujenga," alisema, "naogopa siku ile isirudi."

Nilikumbuka vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Rai ya kwanza ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kubaki Madina na kujilinda, wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badr, walitaka kutoka, naye akatoka nao. Akawaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima na kuwakataza kuondoka. Walipoona ushindi, wengi wao wakashuka kufuata nyara, na Waislamu 70 wakauawa. Baada ya msiba huo, aya ya 159 ya Surat Aal Imran ilimwamrisha Mtume awasamehe na aendelee kushauriana nao.

Kwa hiyo simwambii msomaji kwamba anayejilinda daima ana haki. Bado naamini kwamba tulirudi nyuma mapema mno dhidi ya Zambia, na kocha anastahili kuulizwa. Lakini sijui aliwaagiza nini wachezaji wake, wala aliona nini nisichokiona. Kuuliza mpango ni nasaha. Kumvunjia mtu heshima yake ni dhulma, hata kama yuko San Pedro na hatusikii.

Mzee naye hakuninyima haki yangu. Alikiri kwamba paa haliwezi kungoja, tukakubaliana kuezeka vyumba viwili kwa fedha iliyopo. Cha tatu bado kinavuja, na bado tunabishana juu yake kila kikao.

Mwaka 2027 mashindano yanakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Inshaallah nitakaa tena barazani na mwanangu. Ameniahidi kwamba nikikosea tena, atanishika mkono. Nimemwambia afanye hivyo mbele za watu.