Jiwe Liangukapo, Nguvu Yake Huenda Wapi?

Mwanafunzi hupewa hesabu: jiwe la kilo 2 liko juu mita 10; lina nishati kiasi gani? Huzidisha 2 kwa 9.8 kwa 10, akapata jouli 196. Likianguka, katikati ya njia jouli 98 zimo katika kimo chake na 98 katika mwendo wake. Jumla ni ile ile. Lakini likiisha kutua, hakuna kimo wala mwendo. Je, zile 196 zimepotea?

Swali la namna hii lilimshughulisha James Joule, mwana wa mtengeneza bia wa Salford, Uingereza. Mwaka 1845 alitundika mizigo kwa kamba. Nayo iliposhuka ilizungusha makafi ndani ya chombo cha maji. Akapima maji, akaona joto limezidi kidogo. Mwaka 1850 akatangaza hesabu yake: ratili 772 zikishuka futi 1 huongeza joto la ratili 1 ya maji kwa digrii 1 ya Fahrenheit.

Wataalamu wengi hawakumsadiki upesi, wala yeye hakuacha kupima. Basi nguvu ya jiwe haikupotea. Imegeuka kuwa joto. Ndiyo sababu kipimo cha nishati huitwa kwa jina lake.