Aliyebatizwa Mbele ya Kamera na Yule Aliyekula Makuta Yangu

Habari hii ilianzia mezani kwetu, siku ya posho mangaribi, bukari ingali inatoka moshi. Kitinda mimba wetu, kijana wa miaka 17, alikuwa na telefone chini ya meza kama kawaida yake. Dada yake mkubwa, aliyekuja kutusalimu, akamwambia alete maji ya kunawa. Kijana akajibu bila kuinua macho: "Mwanaume habebake maji."

Mama yake alinyamaza. Mimi nikamuuliza neno hilo amelitoa wapi, maana katika lupango hii ni baba anayechota maji tangu pompe ya mtaa ilipokufa. (Na mimi ni fundi wa pompe, lakini bila kipande cha kubadilisha, fundi ni mtazamaji tu.)

Ndipo nilipolijua jina la Andrew Tate. Wazazi wengi wa mitaa yetu ya kazi hawalijui, lakini watoto wao wanalijua vizuri. Ni mtu aliyezaliwa Marekani mwaka 1986, akakulia Uingereza, akawa bingwa wa mchezo wa kupigana ngumi na mateke. Baadaye alipata sifa kwa kuwafundisha vijana, kwa njia ya intaneti, namna ya kupata makuta, magari, na kuwatawala wanawake. Mwezi wa Agosti 2022 Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zilimfungia mlango. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule ikajulikana kwamba ameingia katika Uislamu. Tarehe 29 Desemba 2022 alikamatwa kule Rumania, na mwaka 2023 akashitakiwa kwa kubaka wanawake na kuwafanyia biashara. Yeye alikana yote.

Kijana wangu akasema: "Lakini papa, ni mtu wa Mungu sasa. Amegeuka."

Nilitaka kujibu kwa haraka kwamba hayo ni mambo ya Waislamu. Ashukuriwe Mungu, sikusema. Kesho yake nilimsimulia mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitambaa sokoni, tunayefahamiana tangu zamani. Akacheka kidogo, akaniambia: "Hata kwetu kuna waliofurahi, kuna waliouliza. Kusema shahada ni dakika moja. Kuacha ya zamani ndiyo kazi." Na tena, sisi Wakristo tuna wetu.

Wetu anaitwa Russell Brand, mchekeshaji wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1975. Miaka mingi alisimulia mwenyewe ulevi wa madawa aliokuwa ameuacha na wingi wa wanawake, halafu akawa mtu wa kuhubiri siasa na mambo ya roho kwa video. Mwezi wa Septemba 2023 wanawake wanne walimshitaki, kupitia magazeti na televizyo za kwao, kwamba aliwatendea mabaya ya mwili. Akakana. Tarehe 28 Aprili 2024, siku ya Mungu, akabatizwa katika mto Thames. Mwaka haukuisha, picha yake ikaonekana: naye yumo mtoni, anabatiza wengine! Mwezi wa Aprili 2025 serikali ya Uingereza ikamshitaki rasmi kwa kubaka na makosa mengine, na mwezi wa Mei akasimama mbele ya hakimu akasema hana kosa.

Mimi na ninyi si mahakimu wa London. Kama alitenda au hakutenda, hilo ni la mahakama. Mimi kilichonishika moyo ni ile haraka. Leo unabatizwa, kesho unabatiza.

Babu yangu alibatizwa upande wa Moba, zamani ikiitwa Baudouinville, kwa Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika lao mwaka 1868, aliweka amri kwamba mtu asibatizwe kabla ya miaka mingi ya kungoja na kujifunza. Babu alikuwa akisimulia jinsi katekista alivyokuja kuuliza kwa majirani: huyu anapiga bibi yake? Analipa madeni yake? Tulipokuwa watoto tulimhurumia, tukiona kama wazungu walimchelewesha bure. Leo ninaona walikuwa na akili. Mtu akichunguzwa na majirani hawezi kuwadanganya kwa video.

Haya yote niliyasema mezani kwa sauti ya juu. Nikasema maji ya mto hayaoshi mambo ya namna ile, nikasema hao ni watu wanaotafuta watazamaji wapya baada ya kufukuzwa na wa kwanza. Nikamtaja Simoni mchawi wa Samaria, aliyeamini, akabatizwa, halafu akatoa feza ili auziwe nguvu za mitume. Nilikuwa nahubiri kweli.

Kijana akaniangalia. "Na yule papa wa korali, je? Yeye amegeuka ao hapana?"

Meza yote ikanyamaza. Dada yake akaanza kukusanya sahani, bukari haijaisha.

Hapa ninapaswa kueleza. Mimi ni mmoja wa wale zaidi ya 10.000 walioacha kazi ya Gécamines kwa ile iliyoitwa départ volontaire, miaka 2003 na 2004. Nilikuwa nimefanya miaka 18. Katika makuta niliyopokea, dola 1.200 nilimpa mwenzangu wa kazi, mtu tuliyekula naye katika sahani moja, ili tununue mahindi Zambia na kuuza unga huku. Alivuka Kasumbalesa. Miezi sita baadaye aliniambia mali imekamatwa mpakani. Haikupita muda, nyumba yake ikapata mabati mapya. Mwaka ule binti yangu wa kwanza, huyuhuyu aliyeomba maji, alitoka masomoni akiwa mwaka wa pili wa sekondari. Hakurudi tena. Sasa anauza samaki wakavu, na anahesabu kwa kichwa haraka kuliko mimi kwa karatasi.

Miaka saba baadaye, katika semina moja ya maombi, mtu yule alisimama mbele ya watu wengi akatoa ushuhuda: "Nilikuwa mwizi, Yesu amenisamehe!" Watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye benchi ya tatu. Aliniona. Hakuja. Akaingia korali, na mimi nikahamia misa ya asubuhi sana ili nisisikie sauti yake. Zaidi ya miaka kumi, ndugu msomaji, nimeamka saa kumi usiku juu ya mtu mmoja!

Kwa hiyo kijana alinishika pabaya. Hasira niliyokuwa namtupia yule Mwingereza, kumbe ilikuwa ya mtu wa avenue ya nyuma.

Usiku sikulala vizuri. Nilimfikiri Saulo. Alipofika Yerusalemu baada ya Damasko, wanafunzi walimwogopa, hawakuamini kama amegeuka kweli. Biblia haiwagombezi kwa woga ule. Walikuwa wamezika watu wao. Lakini Barnaba alimchukua kwa mkono, akamleta. Sisi katika parokia yetu tulipiga makofi tu, hakuna aliyefanya kazi ya Barnaba, hakuna aliyemuuliza: ndugu, uliiba kwa nani? Zakayo yeye hakungoja kuulizwa. Alisema mwenyewe, mbele ya watu, nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hesabu ilikuwa ndani ya toba yake.

Nalifikiri pia lile jambo la kuchagua. Kuna mwanamke wa Marekani, Kat Von D, mchora chale wa ngozi, anayejulikana sana. Mwaka 2022 alisema ametupa vitabu vyake vya uchawi, na mwaka 2023 akabatizwa katika kanisa dogo. Huyo hakuwa ameshitakiwa kumuumiza mtu, lakini Wakristo wengine walimcheka juu ya nguo zake nyeusi! Mwenye kudaiwa tunampigia makofi, na asiyedaiwa tunampima nguo.

Siku ya Mungu, baada ya misa, nilimwambia kijana tufuatane. Tulimkuta yule mtu kwenye lupango yake anafunga makala katika mifuko midogo. Amekonda sana. Aliponiona alisimama, kiti akakisahau.

Nikamwambia: "Sikuja na polisi. Nimekuja useme hesabu."

Akasema palepale: "Elfu moja na mia mbili, yaya." Hakufikiri hata kidogo. Halafu akasema: "Mbele ya watu wengi ni mwepesi. Wanapiga makofi, unaketi. Kuja kwako, miguu ilikuwa inakataa."

Nilimjibu kwamba deni langu ni moja, lakini kuna la binti yangu, na hilo mimi siwezi kulisamehe kwa niaba yake. Hakujibu. Kijana wangu alikuwa ameweka telefone mfukoni, anamwangalia.

Mwezi wa kwanza alileta franga 30.000. Mwezi wa pili alileta mfuko wa makala, nikaupokea, ingawa mama wa watoto aliuliza kama mimi ni mjinga. Binti yangu nilipomweleza alisema tu: "Kwangu hakuna mutu alikuya."

Mwezi wa tatu ni kijana aliyefungua mlango. Mtu yule hakuwa na kitu mikononi. Aliuliza kama dada iko. Hakuwepo, alikuwa sokoni. Aliketi kwenye kibao cha nje mpaka giza, kijana akiwa naye, sijui walisema nini. Alipoondoka aliacha neno kwamba atarudi siku ya posho, na kwamba tusimwambie binti mbele, asije akakimbia yeye au huyo.