Kaushu ya kofre

Leo siandiki juu ya masomo ya watoto. Naandika juu ya motokari, na nawaomba msigeuze ukurasa upesi, kwa sababu motokari hii ilikuwa inanigonjeshea mtoto.

Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, aliyotuachia marehemu baba mkwe. Mzee aliinunua Kampala, kwa kuwa aina hiyo ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, naye alipenda mbio kuliko chakula. Ina viti 2 tu. Nyuma ni kofre, inayofunikwa na mlango mmoja mkubwa wenye kioo. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: tulipokwenda Lubero kumsalimu mama mkwe, binti yetu wa miaka 6 alikaa huko nyuma, juu ya mto, pamoja na mizigo.

Kila tulipofika alilia kichwa. Mara mbili alitapika. Nilimpeleka kituo cha afya, wakampima malaria, hawakuona kitu. Watu walisema ni kizunguzungu cha kona za barabara. Lakini mwalimu amezoea kutazama daftari: niliandika siku alizougua, nikaona zote ni siku za ile motokari. Akipanda taksi kwa barabara ileile, anashuka akiruka.

Kitambaa changu kilichobaki nyuma ndicho kilitufungua macho. Kilijaa vumbi jekundu, na mlango ulikuwa umefungwa. Pale vumbi linapopita, moshi nao unapita. Motokari ikikimbia, hewa ya nyuma yake inajizungusha na kurudisha moshi wa bomba kwenye mlango wa kofre. Sisi tulikuwa tunashusha vioo vya mbele ili mtoto apate hewa, kumbe kwa motokari ya namna hii vioo vikiwa wazi ndivyo moshi unavutwa zaidi kuingia kwa nyuma! Na ndani ya moshi kuna monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayokamata nafasi ya oksijeni katika damu. Mtoto anapumua haraka kuliko sisi, basi inamshika mbele yetu. Yale masinzizi yake tuliyoyashukuru njiani, leo nikiyakumbuka mikono inatetemeka.

Kaushu ya zamani ilikuwa ngumu kama kuni, imepasuka pembeni. Duka moja lilituuzia sponji ya milango ya nyumba. Mvua mbili tu, ikang'oka. Tulingoja mwezi mzima mpaka kaushu yenyewe ikaagizwa kupitia Kampala. Muda huo mtoto hakupanda.

Siku ya posho tulianza, mimi na baba watoto, bila fundi. Kazi kubwa haikuwa kuvalisha, ilikuwa kusafisha. Kole ya miaka mingi tuliikwangua kwa kipande cha mti ili tusichubue rangi, kisha kitambaa chenye petroli kidogo, nje, mbali na jiko. Chini ya kole tulikuta kutu. Tukaipiga msasa na kupaka rangi, tukangoja ikauke.

Kisha tukaipanga kaushu bila kole kwanza, tukianzia katikati kwa chini. Baba watoto akaanza kuivuta ili ikae sawa. Nikamwambia, « Baba Neema, acha kuvuta, isukume. » Kaushu iliyovutwa hurudi ufupi wake baada ya siku chache, na unabaki na tundu kwenye kiungio. Kwenye kona ndiko tulikokaa sana, maana hapo inapenda kujikunja. Tulipoona imekaa, tukapaka kole nyembamba pande zote mbili, tukangoja mpaka haigandi tena kidoleni, ndipo tukaibana. Tukafunga mlango, tukauacha usiku mzima.

Asubuhi nilitoa chaki mfukoni. Nilipaka kaushu yote, nikafunga, nikafungua: ukingo wa mlango ulikuwa na mstari mweupe, isipokuwa upande wa kushoto, kama upana wa mkono. Hapo haikugusa. Tulilegeza kifungio, tukakisogeza kidogo, tukarudia chaki mara tatu mpaka mstari ukazunguka wote. Hata kaushu za taa za nyuma tulizibadilisha, nazo zilikuwa zimekauka. Bomba lenyewe fundi alilikagua na kuziba tundu moja, sababu kaushu nzuri haiponyeshi bomba bovu.

Siku ya Mungu iliyopita tulienda Lubero. Neema hakai nyuma tena, hata kama kaushu ni mpya. Anakaa kiti cha mbele na mkanda, mimi ndiye naendesha, baba yake anatufuata na pikipiki akila vumbi letu. Alipofika aliomba muhogo kabla ya kusalimu.