Nilimsimamisha Kwenye Saruji

Nilichukua dola 60 kwa kuuza pikipiki niliyojua haimfai mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe ni shemeki yangu, mdogo wa kike wa mke wangu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na barabara na matope mtanihurumia kabla ya wakati.

Nina kibanda cha vipuri na matengenezo hapa Iga Barrière, katika eneo la Djugu, pale njia inapogawanyika, moja ikienda Mongbwalu na nyingine ikielekea Mahagi. Mwenye pikipiki inayokohoa, awe ametoka Nizi au Lopa, atanipitia tu. Na kazi ya fundi wa njia panda haiishii kwenye injini. Anayetaka kununua anamwuliza fundi, anayetaka kuuza anamwuliza fundi huyo huyo. Unasimama katikati, na pesa inadondoka hapo hapo katikati. Hakuna anayeiona aibu, na mimi sikuiona.

Shemeki ni mtu mdogo. Sisemi umri, ana watoto wawili na kichwa cha biashara kutushinda sisi wote wa nyumba ile. Nasema kimo. Akisimama karibu nami, utosi wake unafika kwenye mfuko wa shati langu. Anauza samaki, ndagala na makayabo: anachukua mzigo Bunia, nusu anauza soko la hapa, nusu anapeleka Nizi. Safari zote hizo alikuwa akilipa motari, dereva wa pikipiki ya kukodi, na bei ya motari inapanda pamoja na mvua. Mgao wa AVEC yao, kikundi chao cha akiba na mikopo, ulipotoka, alikuja kibandani na karibu dola 750 zimefungwa kwenye kona ya kitenge.

"Shemeki, unitafutie moto. Pikipiki ya bei ndogo, ya kujifunzia. Nikishajua, nitanunua nzuri."

Akili yote iliyohitajika ilikuwa ndani ya ombi hilo. Ningefanya alivyosema, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Zilikuwapo mbili sokoni siku zile. Moja ilikuwa ya CC 100, kiti cha chini, tangi limekwaruzika, kioo kimoja hakipo, lakini injini safi. Mwenyewe alitaka dola 450 na hakuwa na chochote cha kumpa mtu wa katikati. Ya pili ilikuwa ya CC 125, ndefu, tairi za meno, madigadi yameinuka juu ya gurudumu, jamii ya zile ambazo miradi ya misaada na vituo vya afya hupenda kuwapa watu wao wanaokwenda vijijini. Dola 700. Mwenye nayo alinivuta pembeni akaniambia: ukiniuzia hii, 60 ni zako.

Nilijijengea hoja, tena hoja nzuri. Udongo wetu ni mwekundu na unateleza ukiloa kidogo tu, malori yanachimba mifereji ambayo tumbo la pikipiki fupi linakwama humo. Ndefu ndiyo ya barabara hii. Yote hayo ni kweli. Motari wengi watakuambia hivyo hivyo, na wamo wafupi miongoni mwao wanaoendesha ndefu bila shida: wanaposimama wanatelezesha nyonga upande mmoja, wanaweka mguu mmoja chini, basi. Nilichoacha kusema ni kwamba motari yule ana miaka kumi kwenye usukani, hazimi injini asipotaka. Anayejifunza anazima injini, na inazima pale pale anaposimama, wakati mguu unahitajika kuliko wakati wowote.

Siku ya kujaribu nilifanya jambo ambalo hakuna aliyelitambua, au hivyo nilidhani. Mbele ya kibanda kuna baraza ya saruji, imeinuka kiganja na nusu kutoka chini. Niliisogeza ile ndefu mpaka ubavu wake wa kushoto ukakaribiana na baraza, tairi zote mbili zikiwa kwenye udongo wa chini. Nikamshika shemeki mkono, akapanda. Mguu wa kushoto ukatua kwenye saruji, wayo mzima.

"Unaona?" nikamwambia. "Unafika."

Akatazama chini, akanitazama mimi, akanyamaza. Kisha akafungua kona ya kitenge.

Mafunzo nilimpa mwenyewe, jioni, kwenye uwanja wa mpira. Alijifunza haraka. Pikipiki ikiwa mwendoni haina urefu, urefu unarudi ikisimama, na pale uwanjani kila aliposimama nilikuwa nyuma nimeshika kiti. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba hajui kusimama, hata yeye.

Alikuja kujua kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, siku ya soko. Lori la mbele lilifunga breki. Naye akafunga. Vidole vyake havikuuzunguka vizuri mkono wa klachi, injini ikazima, akatoa mguu wa kushoto kutafuta ardhi. Pale barabara inainamia mtaroni. Mguu ulitafuta chini, haukupata kitu. Pikipiki ikaanza kulala polepole, zaidi ya kilo mia moja za chuma na magunia mawili ya ndagala nyuma, na mtu wa kilo arobaini na kitu hawezi kuirudisha ikishapita pembe fulani. Gunia moja likapasukia mtaroni. Alipohangaika kuinyanyua, shavu la mguu likagusa bomba la moshi. Alama ipo mpaka leo, ndefu kama kidole.

Vijana wa pale walicheka, ndiyo kawaida yao. Mmoja akasema hiyo ni moto ya wanaume, mwingine akasema mwanamke abaki nyuma ashike mzigo. Mimi nilifika mbio, spana mkononi, nikaisimamisha pikipiki, na mbele ya watu wote wale nikasema: "Nilimwambia asiharakishe."

Sikuwa nimemwambia. Na hakuwa ameharakisha, alikuwa amesimama.

Zile dola naweza kuzitetea nikibanwa, kila mtu hapa anakula komisheni. Sentensi ile siwezi. Niliwaachia vijana waamini kwamba tatizo ni mwanamke, wakati tatizo lilikuwa kiti, na kiti nilikijua mimi kuliko wote. Wiki zilizofuata nilisikia habari ile ikizunguka sokoni kama mfano wa kwa nini mke asinunuliwe pikipiki. Sikuikata.

Aliiuza kwa dola 480, kwa kijana mrefu aliyekuwa akielekea Mongbwalu. Aliniomba nimtafutie mteja, nikamtafutia. Na kijana yule akanipa kitu kidogo cha asante, nikapokea. Naandika hili huku mke wangu akisoma kwa mara ya kwanza.

Kilichonifumbua macho ni mnyororo. Mteja aliniachia pikipiki yake ya CC 100 nibadilishe mnyororo, shemeki akapita na chakula cha mchana, akaiona, akaomba azunguke nayo kidogo. Sikuwa na sababu ya kukataa. Alizunguka hadi kwenye barieri, akasimama kwenye mteremko ule ule, akaweka miguu miwili chini, akasalimiana na mtu, akageuza, akarudi. Hata hakuelewa kwamba amefanya kitu. Alinirudishia ufunguo akiwa anazungumzia bei ya chumvi.

Alipoondoka nilichukua futi. Kiti cha ile CC 100 kilikuwa sentimita 77 kutoka chini. Ya aina ya ile ndefu, iliyokuwa kwangu kwa ajili ya breki, ilikuwa 84. Nikamwomba mke wangu ampime mdogo wake nyumbani: mgongo ukutani, miguu bila viatu, daftari gumu limebanwa juu katikati ya mapaja, na futi kutoka juu ya daftari hadi sakafuni. Sentimita 68. Viatu vikimwongezea tatu na akisimama kwa ncha za vidole, 77 anaimudu. 84 haimudu labda aote mguu mwingine.

Na 84 yenyewe ni ya uongo kidogo, ila inadanganya dhidi ya mtu mdogo. Kiti kipana kinayasukuma mapaja nje, na kila kidole cha upana kinakula urefu wa mguu. Halafu kuna springi. Mimi nikikaa, pikipiki inabonyea, kiti kinashuka. Yeye akikaa, springi hazijui kama kuna mtu. Kwa hiyo fundi mwenye kilo themanini akijaribu pikipiki kwa niaba ya mtu wa kilo arobaini na tano, amejaribu pikipiki nyingine kabisa.

Ningeweza hata kuipunguza ile ndefu, na hili linaniuma kama fundi. Unapeleka kiti kwa mshonaji, anachonga sponji sentimita tatu na kupunguza mabega yake ya mbele. Unalegeza vishikio vya foku za mbele, unazipandisha kidogo, nyuma nako unashusha kwa kiasi hicho hicho, maana ukishusha mbele peke yake usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Kisha, na wengi wanasahau, unakata stendi ya pembeni. Usipoikata, pikipiki inasimama wima mno, na upepo wa lori linalopita unatosha kuilaza upande wa pili. Kebo ya klachi unailegeza nusu mzunguko ili ishike vidole vikiwa karibu na usukani, lakini si zaidi ya hapo, la sivyo gia zitagoma. Kazi ya siku moja. Sikuifanya kwa sababu kuifanya kungekuwa kukiri kwamba ni ndefu.

Afadhali zaidi ingekuwa kununua ile fupi na kubaki na dola 300. Hapo kuna kofia inayobana kichwa chake (zetu za kibandani zote ni za vichwa vya wanaume, kwake zinazunguka), kuna karti roze, hati ya pikipiki, kwa jina lake, kuna mkono wa breki na kioo cha akiba, kwa kuwa mwanafunzi ataangusha tu na ni bora aangushe kitu cha bei ndogo. Kilichomleta kwangu ni hicho. Mimi nilimmalizia karibu pesa yote, akaingia barabarani bila akiba ya kuanguka.

Duniani zipo pikipiki zilizobuniwa kwa kumfikiria mtu wa aina yake. Honda walitoa Super Cub mwaka 1958, unapitisha mguu mbele ya kiti bila kuurusha juu, hata ukiwa umevaa kitenge, na haina mkono wa klachi kabisa. Kufikia 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Kule Ouagadougou wanawake wanajaa barabarani na vipikipiki vya jamii hiyo, na hakuna anayesimama kuwatazama. Hapa kwetu utazitafuta uchoke. Wasambazaji wanaleta anachotaka motari, motari anataka kubeba watu watatu na gunia, na sisi mafundi tunaita hiyo ndiyo pikipiki. Sisemi zingefaa kwa mifereji yetu, magurudumu yake membamba yangeteseka. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kufikiri.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Djugu halihitaji kuelezwa. Tangu mapigano yaliporudi mwishoni mwa 2017, zipo siku ambazo unatakiwa kuwasha na kuondoka bila kutafuta jiwe la kupandia. Nilimpa mama wa watoto wawili pikipiki ambayo anahitaji baraza ili aipande. Hilo silipendi kulifikiria usiku.

Nilimwendea sokoni nikamwambia yote: baraza, 60, maneno ya barieri. Alikuwa akipima ndagala kwa bakuli na hakuacha kupima.

"La baraza nilijua siku ile ile, shemeki. Niliiona saruji. Nikafikiri wewe fundi unajua kitu ambacho mguu wangu haujui."

Kuhusu 60 aliuliza nitazilipa lini. Nimelipa 40. Kuhusu maneno ya barieri hakusema kitu, alimgeukia mteja. Wale vijana sijawaambia, nimejipangia mara nyingi nikashindwa. Wakisoma hapa, wamesikia.

Pikipiki ya pili alinunua bila mimi. Alikata kamba, akafunga fundo kwenye kipimo chake, akaenda nayo Bunia. Anaishikiza chini kwa kiatu, anaivuta hadi kwenye kiti, na fundo likiwa chini ya kiti kwa zaidi ya vidole vinne anamshukuru muuzaji na kuendelea. Walimcheka huko pia. Alirudi na CC 100, ya tangi jekundu, akaniletea niangalie mnyororo tu. Nilipotaka kugusa klachi aliniambia ameshairekebisha.

Majuzi alikuja kijana mmoja, anamtakia mkewe pikipiki ya kwanza, ndefu, ya tairi za meno, ili aonekane. Ilikuwapo moja kwa jirani yangu na komisheni ilikuwa inanukia. Nikamwuliza mkewe yuko wapi. Akasema yuko nyumbani, kwani kuna haja gani? Nikamwambia aje naye, nimpime mguu. Akanitazama vibaya sana, na nilipoelewa jinsi ombi langu lilivyosikika nikaanza kueleza habari za daftari na futi, lakini alikuwa ameshavuka barabara. Jioni nilimwona akipita na ile ndefu, mkewe nyuma, miguu ikining'inia.