Kukimbia Pasipo Kufika

Wengi wenu mlikuwa mkiniona katika mbio za mita 1,500, kisha muhula mzima mkaniona chini ya mwembe. Sasa nitawaeleza sababu.

Usiku mmoja bwenini moyo wangu uliondoka mbio ghafula, ukaendelea karibu nusu saa, kisha ukatulia ghafula vile vile. Baba akanipeleka hospitali moja ya Kampala. Nilipopimwa umeme wa moyo, daktari akatuonyesha karatasi: kila pigo lilianza na kimlima kidogo kisichostahili kuwapo. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1930 na madaktari Wolff, Parkinson na White.

Sisi watu wa Busia tulielewa upesi. Umeme wa moyo hutoka vyumba vya juu kwenda vya chini kwa kupita mlango mmoja, na hapo hucheleweshwa kidogo, kama malori mpakani. Mimi nilizaliwa na njia ya panya. Siku vyumba vya juu vikitetemeka ovyo, mara 300 na zaidi kwa dakika, mlango huzuia mengi. Lakini njia ya panya ikiwa nyepesi huyapitisha, na mtu aweza kufa.

"Basi asikimbie tena," Baba akasema.

"La, mzee. Kwanza akimbie hapa, tumtazame."

Nikabandikwa nyaya kifuani, nikapandishwa juu ya mkanda wa mpira unaozunguka. Kila dakika 3 ulizidi mwendo na mwinuko, kwa mpango wa Daktari Robert Bruce wa Marekani, unaotumika tangu miaka ya 1960. Jamani, mlima ule hauna kilele! Baba hakuniangalia mimi, aliangalia kioo cha mashine tu. Mapigo 120, kimlima kipo. 140, kipo. 150, kipo bado, na miguu yangu imekuwa uji. Kwenye 162, kati ya pigo moja na la pili, kikatoweka.

Daktari akafurahi. Njia ya panya ilikuwa imeshindwa kufuata mwendo, kwa hiyo haielekei kupitisha mapigo ya kuua. Kama kimlima kingebaki hadi mwisho, ningepelekwa kwenye kipimo kingine, cha waya unaopitishwa mshipani hadi moyoni. Hakusema kwamba hatari imekwisha; alisema ni ndogo, na moyo ukienda mbio tena nirudi upesi.

Muhula huu nimerudi uwanjani. Katika mbio za kwanza nilikuwa wa nne. Baba, ambaye hakuwahi kuja kutazama michezo, alikuwa amesimama kwenye kona ya mwisho.